Miwa ya Mumias, Kodi ya Kawangware

Hebu muulize jirani yako wa Kibera au Kawangware kwao ni wapi. Wengi watakutajia magharibi mwa Kenya, kwenye mvua na udongo mzuri. Mbona basi wakahama? Sababu ni nyingi, lakini miwa ina funzo. Hukomaa kwa takriban miezi 18, na mkulima hulipwa baada ya kuipeleka kiwandani. Kiwanda cha Mumias, kilichoanza kusaga mwaka wa 1973, kiliwekwa chini ya mrasimu mwaka wa 2019. Aliyetegemea zao hilo pekee akabaki mikono mitupu. Basi, unapotuma pesa nyumbani, tuma na shauri: sehemu ya shamba ipandwe mahindi, maharagwe na mboga. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.