Kronografu na Risasi za Kujazwa kwa Mkono

Kronografu ni kifaa cha kupima kasi ya risasi mara inapotoka mtutuni. Mlenga shabaha anayejaza risasi zake mwenyewe, yaani anayetia fataki mpya, baruti na kichwa katika ganda lililokwisha kutumika, hukihitaji ili ajue kama risasi ya kwanza na ya ishirini zinatoka kwa kasi ileile. Macho hayawezi kuiona tofauti hiyo, na shabaha ya karibu huificha.

Risasi inayotoka kwa mita 800 kwa sekunde hufika mita 100 baada ya sehemu moja ya nane ya sekunde hivi, na katika muda huo mvutano wa dunia huishusha sentimita 8. Ikitoka kwa mita 790, hushuka milimita 2 zaidi. Katika tundu ambalo risasi yenyewe imelitoboa, milimita 2 hazionekani. Masafa yakiwa marefu, hesabu ni nyingine kabisa. Katika uwanja wa Stickledown huko Bisley, Uingereza, mashindano hufanyika hadi yadi 1,000 na zaidi, yaani mita 914 kwenda mbele. Risasi ya .308 Winchester inapofika huko imekwisha kushuka takriban mita 10, na kila pungufu ya mita moja kwa sekunde katika kasi ya mwanzo huishusha sentimita 2.5 hadi 3 nyingine. Mduara wa ndani kabisa wa shabaha ya mashindano yaitwayo F-Class kwa masafa hayo una kipenyo cha sentimita 12.7. Risasi mbili zilizotofautiana kwa mita 10 kwa sekunde, hata kama mlengaji hakutikisika wala upepo haukuvuma, haziwezi zote kuingia humo.

Upimaji huu ulianza zamani. Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alichapisha kitabu kuhusu kanuni za mizinga, akaeleza jinsi alivyofyatua risasi kwenye bamba zito lililoning’inizwa, akapima lilivyobembea, kisha akakokotoa kasi. Kwa njia hiyo alionyesha kwamba hewa huipunguzia risasi kasi zaidi kuliko wataalamu wa wakati wake walivyodhani. Katika miaka ya 1860 afisa wa mizinga wa Ubelgiji, Le Boulengé, aliunda chombo cha umeme: risasi ilikata waya wa kwanza, ufito ukaachiwa uanguke; ilipokata waya wa pili, kisu kiliutia ufito alama. Umbali ambao ufito ulikuwa umeanguka ulitoa muda.

Wazo hilo la vituo viwili na saa moja ndilo linaloendesha kronografu za mwanga. Kivuli cha risasi hupita juu ya kihisi cha kwanza, kisha cha pili, na saa ya kielektroniki huhesabu muda kati yake. Udhaifu wake uko katika umbali wa vihisi. Vikiwa sentimita 60 mbali, risasi ya mita 800 kwa sekunde huvipita kwa sehemu 750 za milioni ya sekunde, na kosa la milimita 3 tu katika umbali huo huleta kosa la mita 4 kwa sekunde. Vihisi vikitenganishwa kwa mita 2.4, kosa lilelile hushuka hadi mita 1. Aidha, chombo huwekwa mita 3 hadi 5 mbele ya mtutu ili moto na mshindo visikivuruge, kwa hiyo kasi inayosomwa ni pungufu kidogo ya ile ya mdomoni. Mawingu yanayopita mbele ya jua nayo yanaweza kukipotosha.

Aina ya pili hufungwa kwenye mtutu na kuihisi risasi kwa sumaku. Haijali mwanga, lakini uzito wake hubadilisha mtetemo wa mtutu, na mahali risasi zinapopiga huweza kuhama. Kupima kasi na kupima kundi la matundu kwa wakati mmoja hakufai hapo. Rada ya Doppler haigusi bunduki. Hutuma mawimbi, mara nyingi ya gigahezi 24, na kupokea yale yanayorudi kutoka kwenye risasi inayokimbia. Kwa kasi ya mita 800 kwa sekunde, mawimbi hayo hurudi yakiwa yamebadilika kwa takriban kilohezi 128, na badiliko hilo ndilo linalotoa kasi. Chombo kimoja kidogo mezani kimewaondolea wengi usumbufu wa kusimamisha miguu mitatu mbele ya bunduki.

Chombo kizuri hakimzuii mtu kujidanganya kwa namba zake. Kronografu hutoa wastani, tofauti kati ya kasi kubwa na ndogo kabisa, na mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi kasi zinavyotawanyika kuuzunguka wastani. Tofauti ya juu na chini ndiyo inayopendwa kwa sababu inaeleweka haraka, lakini hukua kadiri risasi zinavyoongezeka. Mkengeuko halisi ukiwa mita 3 kwa sekunde, risasi 5 kwa kawaida hutofautiana kwa takriban mita 7, risasi 10 kwa mita 9, na risasi 20 kwa mita 11, ingawa zote zimejazwa sawasawa. Anayelinganisha kundi la risasi 5 na la 20 kwa kipimo hicho hulinganisha idadi, si ubora.

Mkengeuko sanifu ni bora zaidi, ila nao hutaka risasi nyingi. Risasi 5 zikionyesha mita 3 kwa sekunde, mkengeuko wa kweli, kwa uhakika wa asilimia 95, unaweza kuwa popote kati ya 1.8 na 8.6. Kwa risasi 10, nafasi hiyo hupungua hadi kati ya 2.1 na 5.5. Mtu anayeutupa ujazo mmoja na kuukumbatia mwingine kwa risasi tatu tatu anachagua kwa bahati.

Hapa ndipo zoezi linaloitwa ngazi linapohitaji tahadhari. Mjazaji hupandisha baruti kidogo kidogo, hupiga risasi moja kwa kila hatua, kisha hutafuta mahali ambapo kasi inaonekana kutulia. Lakini kasi hutawanyika kwa mita kadhaa hata kwa ujazo uleule, kwa hiyo risasi moja moja zinaweza kuchora utulivu usiokuwapo. Mahali pa kweli patajitokeza tena siku nyingine, kwa risasi nyingi zaidi. Pasipojitokeza, hapakuwapo.

Mtawanyiko ukithibitika, ndipo sababu yake itafutwe. Katika ganda la .308 tofauti ya miligramu 65 za baruti hubadili kasi kwa takriban mita 15 kwa sekunde. Mizani inayokosea miligramu 6 hivi basi huchangia mita moja na nusu tu. Mjazaji mwenye mizani ya namna hiyo na mkengeuko wa mita 6 atafute kwingine: tofauti za ujazo wa ndani wa maganda, jinsi shingo ya ganda inavyokibana kichwa, au fataki.

Kronografu pia ni mlinzi. Haipimi shinikizo, lakini kasi haiji bure: ujazo unaozidi kasi iliyochapishwa katika kitabu cha mtengenezaji wa baruti, kwa mtutu wa urefu uleule, kwa kawaida umezidi shinikizo pia, na ni wa kuachwa hata kama ganda halionyeshi dalili. Kujaza huanzia kwenye kipimo cha chini cha kitabu na hakuvuki kikomo chake. Kisheria, Kenya na Tanzania hazimruhusu mtu kutengeneza risasi bila leseni.

Kasi iliyo sawa haihakikishi kundi dogo la matundu. Kichwa chenye kasoro au mtutu usioupenda ujazo fulani hutawanya risasi zenye kasi moja, na kwenye mita 100 ujazo wenye mtawanyiko mkubwa wa kasi unaweza kushinda. Ndiyo maana karatasi ya shabaha na kronografu husomwa pamoja: karatasi kwa usahihi wa karibu, kronografu kwa mtawanyiko wa juu na chini katika masafa marefu.

Wastani uliopatikana huingizwa katika jedwali la mwendo wa risasi ili kujua darubini ipandishwe kiasi gani, kisha jedwali huhakikishwa kwa kupiga masafa marefu yenyewe. Joto la baruti huandikwa kando ya namba hiyo, kwa kuwa baruti nyingi huongeza kasi zikipata joto. Mtutu mpya nao mara nyingi huongeza kasi katika risasi zake mia za mwanzo, kwa hiyo kipimo cha kutegemewa huchukuliwa baada ya hapo, na hurudiwa msimu unapobadilika au kopo jipya la baruti linapofunguliwa.