SWICHI SMATI INACHEZESHA TAA? USIRUDISHE HELA KABLA HUJAPIMA

Ndugu zangu wenye maduka ya vifaa vya umeme, hasa sisi wa mikoani, leo tuongelee swichi smati. Ni hizi za kugusa au za kuwashia taa kwa simu. Wateja wanaziulizia, faida ipo, ila zina kesi moja inayojirudia. Mteja ananunua leo, kesho yuko kaunta: "Dogo, swichi yako mbovu. Taa inachezacheza, na nikizima bado inawaka kidogokidogo yenyewe."

Muuzaji mwenye haraka anambadilishia. Swichi ya pili nayo inacheza vilevile. Hapo mteja anahitimisha kwamba duka linauza feki, na mtaa mzima unajua.

Piga hesabu ya mfano. Umenunua swichi 25,000, unauza 32,000, faida yako ni 7,000. Ukibadilisha moja na ile ya kwanza isiuzike tena, umetupa 25,000. Hiyo ni faida ya swichi karibu nne. Ukiirudisha Kariakoo, muuzaji wa jumla ataipima, ataiona nzima, atakurudishia kwenye basi. Nauli ya mzigo ni juu yako.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, jua tatizo liko wapi. Sehemu ni tatu: globu na waya za nyumba, vitu vilivyochomekwa humo ndani, au laini ya mtaani.

1. KWANINI TAA INAWAKA IKIWA IMEZIMWA

Swichi ya kawaida ikizimwa imekata umeme kabisa. Swichi smati hailali. Muda wote inasubiri kidole chako au simu yako, kwa hiyo inahitaji umeme kidogo hata taa ikiwa imezimwa.

Sasa angalia nyumba zetu. Nyingi zina waya mbili tu kwenye boksi la swichi: laini inayoleta umeme, na waya unaopanda kwenye taa. Nyutro imeishia juu darini. Swichi isiyotumia nyutro inapata umeme wake kwa kupitisha kiasi kidogo ndani ya globu.

Zamani globu ya waya ya wati 60 isingeuhisi huo umeme. Globu ya LED ya wati 5 inauhisi. Unajikusanya ndani yake taratibu, ukifika kiasi fulani taa inamweka, unaisha, unaanza tena. Ndiyo hiyo "inawaka yenyewe". Hata swichi ya kawaida yenye kitaa kidogo cha kuonyesha gizani inaweza kuleta shida hiyohiyo.

Kipimo: tunza dukani globu moja ya zamani, ile inayotoa joto. Mwambie mteja akaiweke kwenye holda ileile. Ikitulia, swichi ni nzima, na shida ni ule umeme mdogo unaopita kwenye LED.

Dawa: swichi nyingi za aina hii zinakuja na kapasita ndogo ndani ya boksi, na watu wanaitupa wakidhani ni kifaa cha ziada. Inafungwa kwenye holda ya taa, waya mmoja kwenye laini inayotoka kwenye swichi, wa pili kwenye nyutro. Haifungwi kwenye swichi. Tumia ya boksini au inayofanana nayo kabisa, usichomoe ya feni au ya redio. Dawa nzuri zaidi ni kuvuta nyutro mpaka kwenye boksi la swichi na kutumia swichi ya nyutro. Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, na meni swichi izimwe kwanza.

2. KELELE ZA NDANI YA NYUMBA

Umeme wetu ni volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Maana yake kila sekunde unapita kwenye sifuri mara 100. Swichi za kupunguza mwanga zinaitumia hiyo sifuri kama saa ya kujua lini ziwashe na lini zikate. Chaja ya bei rahisi isiyo na kichujio inaweza kutupa uchafu kwenye waya, swichi ikakosea saa yake, taa ikatetemeka.

Kipimo: chomoa kila kitu. Chaja, TV, friji, ekstensheni, vyote. Taa ikitulia, rudisha kimoja kimoja. Kitakachorudisha mchezo ndicho mchawi. Kibadilishe au kihamishie soketi ya mbali.

Na kumbuka sio kila LED inakubali kupunguzwa mwanga. Soma boksi la globu kabla ya kuiuza pamoja na swichi ya aina hiyo.

Hapa kuna faida ya ziada. Rimoti nyingi za LUKU zinazochomekwa kwenye soketi zinaongea na mita ya kwenye nguzo kupitia waya huohuo wa umeme. Ukiingiza zile namba 20 rimoti ikagoma, kabla hujaita mtu chomoa chaja na vifaa vingine, halafu ijaribu kwenye soketi iliyo karibu na meni swichi. Mara nyingine ni kelele tu.

3. LAINI YA MTAANI

Songea tuliungwa kwenye gridi ya Taifa mwaka 2018 kwa laini ya Makambako. Kabla ya hapo mji ulitegemea majenereta. Lakini gridi haizuii jirani kuchomelea mageti. Mota ya mashine ya kusaga ikianza inaweza kuvuta umeme mara tano au zaidi ya ule inaotumia ikishakolea. Kama uko mwisho wa laini, mbali na transfoma, volti zinashuka na taa zinafifia. Mashine ya kuchomelea nayo inafanya hivyo kila fundi anapogusa chuma.

Kipimo: mteja aandike saa ambazo taa inacheza, na amuulize jirani. Kama inacheza saa za kazi tu na kwa jirani pia, swichi haina kosa. Kumbadilishia mara kumi hakutasaidia.

HATARI: kama taa za nyumba nzima zinacheza, nyingine zinang'aa kupita kawaida, au kuna harufu ya kuungua, inawezekana nyutro imelegea au imekatika. Hiyo inaunguza TV, friji na hata nyumba. Zima meni swichi, ita TANESCO. Usimuuzie mtu huyo kitu chochote kabla hilo halijatengenezwa.

DUKANI FANYA HIVI

Kabla ya kuuza uliza: boksi lako lina nyutro? Globu ni ya wati ngapi? Jirani kuna mashine gani? Kama hajui, mwambie aje na fundi wake au akutumie picha ya waya iliyopigwa na fundi.

Tengeneza ubao mdogo wenye holda na waya, ipime swichi mteja akiona, halafu andika kwenye risiti "imepimwa, inafanya kazi". Akirudi, usibishane naye. Mwambie kwa heshima, "Mama, naomba tuipime tena hapahapa." Ikikataa kwenye ubao, ni mbovu kweli, mbadilishie bila maneno. Ikiwaka vizuri, mpe vile vipimo vitatu aende navyo nyumbani, na umuazime ile globu ya zamani.

Mteja aliyesaidiwa kujua shida ya nyumba yake atarudi kununua waya, holda na globu. Aliyebadilishiwa bila kupimiwa atarudi na swichi ileile mkononi.