Kabla Hujapanda Boti, Hesabu Majaketi

Mitihani ikiisha hapa Dubai huwa hatukosi mtu wa kusema, "Jamani tuchange, tukodi boti pale Marina." Wazo zuri, na mimi nimo. Ila kabla ya kulipa kuna mambo ya kuuliza.

Wengi wetu tunadhani ajali za maji ni za kwetu tu, kama MV Nyerere iliyopinduka Ziwa Victoria tarehe 20 Septemba 2018. Uwezo wake ulikuwa watu 101, waliokufa ni zaidi ya 220, tena karibu kabisa na gati ya Ukara. Lakini hata Ghuba yameshatokea. Tarehe 30 Machi 2006 boti ya starehe Al-Dana ilipinduka Bahrain ikiwa kwenye sherehe, na zaidi ya watu 50 wakafa. Pwani haikuwa mbali.

Basi, la kwanza ni majaketi ya kuokolea: moja kwa kila kichwa, saizi yake, na yawe karibu. Boti ikipinduka huna muda wa kutafuta ufunguo wa kabati. Usiyejua kuogelea, livae tangu mwanzo, wakucheka wakucheke.

Pili, angalia boya la kurusha, mtungi wa kuzimia moto, fataki za dharura, tochi, honi, nanga, ndoo ya kufulia maji na sanduku la huduma ya kwanza. Fataki na mtungi vina tarehe ya mwisho, isome. Simu ya upepo iwepo na iwe inafanya kazi. Chaneli 16 ndiyo ya kuombea msaada. Simu ya mkononi ikilowa imekwisha. Ikiwa bado nzima, walinzi wa pwani wa hapa ni 996.

Tatu, karatasi. Leseni ya chombo hukuambia idadi ya watu wanaoruhusiwa. Nahodha awe na cheti, ramani ya bahari, na azijue kanuni za 1972 za kuzuia vyombo kugongana: nani ampishe nani, na usiku taa nyekundu kushoto, kijani kulia.

Najua tunaona haya kuuliza, tusionekane washamba. Lakini nahodha mzuri hakasiriki ukimuuliza. Akikasirika, dai pesa zenu mrudi nchi kavu, mkale biriani.