Mzaliwa wa Dar es Salaam kwenye majukwaa ya London (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya iliishia pale familia ya Jatinder Verma ilipohama Nairobi kwenda Uingereza, mwaka 1968. Verma alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1954, akakulia Kenya, na leo historia ya sanaa ya Uingereza inamtaja kuwa mtu wa kwanza mwenye asili ya Asia kuongoza mchezo katika National Theatre, jumba kuu la maonyesho la nchi hiyo. Hoja yangu leo ni kwamba kazi zake ni sehemu ya historia ya tamthilia ya Afrika Mashariki, nasi tumekosea kuwaachia Waingereza peke yao. Mwaka 1976 kijana aitwaye Gurdip Singh Chaggar aliuawa mtaani Southall, London, katika shambulio la kibaguzi. Mwaka uliofuata Verma na wenzake wakaanzisha kikundi cha Tara Arts, na mchezo wao wa kwanza ukawa tamthilia ya Rabindranath Tagore juu ya mfalme anayepiga marufuku kumwaga damu madhabahuni. Vijana waliofiwa na mwenzao wangeweza kupanda jukwaani na matusi. Wao walichagua tamthilia inayouliza kwa nini binadamu anaona damu ni ibada, na kwangu uchaguzi huo unaonyesha ukomavu wao mapema kabisa.

Mwaka 1990 Verma aliipeleka National Theatre tamthilia ya Molière, *Tartuffe*, inayomsema mnafiki aliyejificha nyuma ya dini. Aliitoa Ufaransa akaiweka katika India ya wafalme wa Kimoguli, waigizaji wote wakiwa na asili ya Asia, na muziki na mwendo wa mwili vikisimulia sambamba na maneno. Wapo watakaosema kwamba kuchukua kazi ya mwingine na kuivalisha nguo mpya si ubunifu. Wakisema hivyo, itabidi wamfute pia Amandina Lihamba, aliyeijenga *Hawala ya Fedha* juu ya hadithi ya Sembene Ousmane wa Senegali. Sisi wa Rubya, wilayani Muleba, tuna ushahidi wa karibu zaidi. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alisoma katika seminari ya hapa, akafundishwa Kilatini na elimu ya Wazungu, kisha akaitumia riwaya, umbo lililotoka mbali, kuhifadhi maisha ya Wakerewe katika *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka*. Hakuna anayesema kwamba kitabu hicho si chetu.

Lakini ushahidi mzito zaidi ni *Journey to the West*, tamthilia tatu zilizoonyeshwa mwaka 2002, zilizotokana na masimulizi ya wazee waliohojiwa. Zinaanza na Wahindi waliojenga reli ya Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901, zinapita kwenye kuhama kwa Wahindi wa Kenya kwenda Uingereza mwaka 1968, na kuishia kwa wajukuu waliozaliwa Uingereza. Reli hiyo si habari ya mbali kwetu. Ilipofika Kisumu, meli za ziwani zikaanza kuipelekea ngozi na kahawa za Bukoba hata wakati Wajerumani wakitawala huku, na maduka ya Wahindi yakaenea pamoja na biashara hiyo. Anayesimulia reli ile anasimulia pia jinsi mkulima wa huku kwetu Ihangiro alivyoingizwa katika soko la dunia.

Pingamizi la kwanza ni kwamba Verma aliondoka mtoto na anaandika kwa Kiingereza. Abdulrazak Gurnah naye aliondoka Zanzibar akiwa kijana, mwishoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1960, anaandika kwa Kiingereza, na alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021 tulimshangilia kama ndugu. Kipimo kiwe kimoja. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwamba Wahindi waliishi kando yetu na wengine walitunyonya. Wakulima wa Buhaya walipounda chama kikuu cha ushirika mwaka 1950, walitaka kahawa yao itoke mikononi mwa wanunuzi wa kati, na wengi wa wanunuzi hao walikuwa Wahindi. Malalamiko yale yalikuwa ya haki. Hata hivyo hayaiondoi kazi ya Verma katika historia yetu, bali yanaonyesha upungufu wake: inasimulia zaidi upande wa ndani wa kaunta, alikosimama mwenye duka. Upande wa nje, wa mkulima aliyesimama na gunia lake akitazama mizani, hatuwezi kumdai Verma atuandikie.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa sanaa za maonyesho wa Dar es Salaam na Bagamoyo waziweke tamthilia tatu za *Journey to the West* kwenye masomo yao, pamoja na kazi za Ebrahim Hussein, Penina Muhando na Lihamba. Na vijana wa Muleba na Bukoba wanaopenda kuandika, waanze na wazee waliouza kahawa miaka ile, wawahoji wangali hai, kisha waiandike tamthilia ya upande wa nje wa kaunta.