Pumzi Ndiyo Boya la Kwanza

Meli ya MV Bukoba ilipopinduka katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza, Mei 21, 1996, haikuzama papo hapo. Hewa iliyonaswa ndani iliishikilia juu ya maji kwa saa kadhaa. Waokoaji walipoitoboa ili wawatoe waliokwama, hewa ilitoka, maji yakaingia, na meli ikazama. Mwanahisabati wa Kigiriki, Archimedes, aliieleza kanuni ya kuelea huko zaidi ya miaka 2,200 iliyopita: kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa maji yaliyoondolewa na kitu hicho. Mwili wa binadamu nao hutawaliwa na kanuni hiyohiyo, na anayetaka kuelea anapaswa kuitii badala ya kutegemea nguvu za mikono.

Chukua mtu wa kilo 60. Uzito wake unakaribiana sana na uzito wa maji ya ujazo uleule, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji ilhali misuli na mifupa ni mizito. Kinachoamua ni mapafu. Akivuta pumzi ndefu, kifua huongezeka ujazo kwa lita tatu hivi, na kila lita humpa msukumo wa kilo moja. Wengi huelea kwa msukumo huo, lakini kwa kiasi cha kutoa pua na mdomo tu. Aliyeshikwa na hofu hurusha mikono juu. Mkono mmoja una takriban kilo tatu. Ukiwa ndani, maji huubeba, ukitoka nje mwili ndio unaoubeba. Mikono miwili ni kilo sita, mara mbili ya alichopata kwa pumzi yake. Akipiga kelele, hata pumzi hiyo anaitoa. Alale chali, mikono ndani ya maji, masikio yazame, mapafu yajae.

Utasikia kwamba watu wembamba wenye misuli huzama hata wakijaza mapafu. Ni kweli kwa baadhi yao, ila upungufu wao ni mdogo na kupapasa maji taratibu kwa viganja huuziba. Aliyezoea kuelea Bahari ya Hindi naye ajihadhari ziwani: maji ya chumvi ni mazito zaidi kwa takriban gramu 25 kila lita, hivyo mtu wetu wa kilo 60 hupoteza Mwanza msaada wa kilo moja na nusu aliokuwa nao Dar es Salaam.

Hoja nzito zaidi ni mawimbi. Yanapofunika uso, pumzi pekee haitoshi, na hapo ndipo jaketi la kuokolea maisha linapohitajika: povu la lita kumi hubeba zaidi ya kilo tisa, wakati kichwa cha mtu mzima kina kilo tano hivi. Linachosha kulivaa juani, hilo sikatai. Lakini kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka katika ziwa hilohilo Septemba 20, 2018, kilikuwa kimekaribia kabisa gati la kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 200 wakafa. Chombo kikipinduka, hakuna muda wa kutafuta jaketi chini ya kiti. Livae kabla hakijang'oa nanga, na ufunge mikanda yake yote.