Mvua, udongo na vihisi: kweli au si kweli?

Bila shaka umeshazisikia kauli hizi, msomaji, hasa kama umewahi kukaa kijiweni Usangi, Upare, mvua za vuli zinapochelewa. Huyu anaapa kwa simu yake, yule kwa babu yake, na wa tatu anafunga mjadala: "Wanasayansi wameshaandika." Tuzipime.

"Kifaa hakidanganyi."
Si kweli. Chukua kipima mvua kinachojihesabia. Ndani mna vijiko viwili vilivyokaa kama pembea: kimoja kikijaa kinainama na kumwaga, chenzake kinapanda kupokea, na kila kuinama ni sehemu ndogo ya milimita. Ni ufundi wa kupendeza. Lakini mvua ikimwagika kwa nguvu, kama inavyoshuka kutoka mlima Kindoroko wakati wa masika, maji hupotea kijiko kinapogeuka na hesabu hutoka pungufu. Jani moja likiziba mdomo, kifaa kitatangaza ukame huku wewe umelowa.

Na kile cha kubana kidole hospitalini, kinachopima oksijeni ya damu? Mwaka 2020 jarida la *New England Journal of Medicine* lilichapisha utafiti wa Marekani ulioonyesha kwamba kifaa hicho kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe. Kinapima kwa mwanga unaopita kwenye ngozi, na ngozi hazifanani. Hili linatuhusu sisi moja kwa moja.

"Likishatoka kwenye jarida la kisayansi, ni kweli tupu."
Si kweli, ingawa ni afadhali mara nyingi kuliko tangazo la muuzaji. Jarida la *Sensors* la Basel, Uswisi, linalochapisha tafiti za vihisi, yaani vifaa vya kupima, tangu 2001, hufanya kama majarida mengine ya aina yake: mhariri hupeleka mswada kwa wataalamu wa fani hiyohiyo. Wanauliza maswali magumu. Kihisi kililinganishwa na kipimo gani cha kuaminika? Kilijaribiwa mara ngapi, kwenye joto lipi? Hata hivyo wanasoma karatasi. Kwa kawaida hawarudii jaribio.

Mwaka 2013 mwanahabari wa sayansi John Bohannon alituma makala ya uongo, yenye makosa ya wazi, kwa majarida 304 yanayosomwa bure. Majarida 157 yaliikubali. Waandishi aliowabuni aliwapachika kwenye vyuo vya Afrika visivyokuwepo, na hilo linaniuma, kwa sababu wapo Waafrika wanaofanya kazi hii kwa uaminifu.

"Majarida hayo ni ya wenye hela."
Nusu kweli. *Sensors* unalisoma bure. Anayelipa ni mwandishi au chuo chake. Mengine mengi bado yamefungwa nyuma ya malipo.

"Wazee walikuwa wanabahatisha."
Si kweli, na hapa nasimama upande wa wazee. Mkulima akichota udongo, akaufinya, akatazama kama unashikana au unamomonyoka na kama unaacha alama kiganjani, anafanya jambo ambalo wataalamu wa umwagiliaji wanalifundisha hadi leo kama njia halali ya kukadiria unyevu. Ndiva, yaani mabwawa madogo ya Upare, nazo: maji ya kijito hukusanywa usiku, asubuhi lango linafunguliwa. Kijito chembamba kikiachiwa kitiririke chenyewe, kinanywea mferejini kabla ya kufika shambani. Maji yakitoka kwa wingi yanafika. Mifereji hii ya Upare Kaskazini iliandikwa na Michael Sheridan katika *American Anthropologist* mwaka 2002. Na mwaka 2010 Ladislaus Chang'a na wenzake walichapisha jinsi wakulima wa nyanda za juu kusini magharibi mwa Tanzania wanavyoutabiri msimu kwa miti, ndege na wadudu. Ishara hizo zina mipaka yake, lakini ni uchunguzi wa miaka mingi.

"Kihisi cha unyevu ukishakinunua, unachomeka tu."
Si kweli kabisa. Vingi vya bei nafuu havipimi maji yenyewe. Vinapima jinsi udongo unavyopokea umeme, kisha vinakisia. Udongo wa mfinyanzi na wa kichanga wenye maji sawasawa unaweza kukupa namba mbili tofauti. Ukiletewa kihisi, kabla hujatoa pesa muulize muuzaji kilisahihishwa kwa udongo wa wapi. Kisha chota udongo wa shamba lako, uufinye, na ulinganishe na namba anayokuonyesha.