Asali Iliyofyatua Vizibo

Sisi wa pwani asali twaijua chupani. Twaijua kwa kikohozi, na tangu chuoni twajua kuwa Kurani ina sura nzima iitwayo An-Nahl, yaani Nyuki. Lakini aliyemfuga nyuki mwenyewe ni mmoja katika mia, nami sikuwa huyo hadi nilipohamia bara, nikapata kipande cha ardhi baina ya Ruiru na Thika, kando ya shamba la kahawa.

Ambaye hajaiona mibuni ikichanua amekosa jambo. Mvua ikinyesha baada ya kiangazi, hupita siku nane tisa hivi, kisha konde huwa jeupe pe, na harufu yake ni ile ile ya asumini wa Mombasa. Asubuhi hiyo nyuki huvuma kama watu walio hitimani. Nikasema moyoni, riziki hii yanipita puani.

Nikanunua mizinga mitatu. Mzinga wa gogo, ambao Wakikuyu huuita mwatu, kuuvuna ni kuvuruga nyumba nzima. Upo ule wa Mmarekani Langstroth, wa mwaka 1852, wenye fremu na sanduku juu ya sanduku. Mimi nilichagua ule wa vijiti, uliobuniwa Kenya hii hii miaka ya 1970 kwa msaada wa Wakanada, umbo lake kama hori la ng'ombe. Fundi yeyote wa mbao aweza kuuunda, mradi ashike kipimo: kila kijiti kiwe na upana wa milimita 32. Akikosea, nyuki hujenga masega mshazari yakashikana, na faida yote ya mzinga huo imekwenda.

Nikavipaka vijiti nta, nikaitundika mizinga kwa waya zenye grisi ili siafu wasipite. Miwili ilipata wageni. Wa tatu aliingia mjusi, na hadi leo kodi hajalipa.

Kosa langu lilikuwa haraka. Jirani yangu, mzee wa Kikikuyu aliyelea nyuki tangu ujana wake, aliniambia, "Mswahili, ngoja wafunike." Sikungoja. Nyuki huipepea asali kwa mbawa mpaka maji yapungue, ndipo hukifunika kila kitundu kwa nta. Sega ambalo sehemu kubwa yake haijafunikwa, asali yake ni mbichi; na maji yakizidi asilimia 20 huchacha upesi. Nikajaza chupa kumi na mbili, nikawauzia jamaa wa msikitini Thika.

Wiki ya tatu, baada ya sala ya Alasiri, mzee mmoja akaniita faragha. Chupa ameifunga katika mfuko wa karatasi.

"Maalim, asali yako imefyatua kizibo usiku. Nimeionja kwa ncha ya ulimi. Hebu niambie wewe uliyesoma: hii ni asali, au ni kile wanachokunywa jirani zetu harusini?"

Nilijua alichokusudia, maana muratina nayo hutengenezwa kwa asali. Sikuwa na jibu. Fedha za watu nikazirudisha zote, chupa nikazimwaga shimoni. Hasara ile si kitu. Ule mfuko wa karatasi ndio ulionikaa.

Msimu wa pili nikamfuata yule jirani kama mwanafunzi. Tulivuna magharibi, moshi kidogo kidogo, tukakata tu masega yaliyofunikwa, mengine tukawaachia wenyewe. Kilo tisa, basi. Kwa msimamizi wa shamba nako nilikwenda, nikamsihi anijulishe kabla ya kunyunyiza dawa ya wadudu. Kweli ipo kahawa ya Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, lakini wadudu bado huwapo na dawa yao haimchagui nyuki. Nahofia zaidi matofali: kule Ruiru, palipokuwa mibuni, leo pamesimama Tatu City, na nyuki hafuati maua ya saruji.

Yule mzee wa mfuko nimempelekea chupa moja ya asali mpya, bila malipo. Ameipokea kwa adabu, akaiweka juu ya kabati, akasema ataitazama wiki tatu kwanza.